Amfetamini ya mauzauza, amfetamini ya daktari, au tiba ya mazungumzo: ipi kwa mtu anayefakamia chakula?

Mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti usiku wa manane, dakika nne kasoro, anaongea kwa kunong'ona maana wenzake wamelala. Anasema dada, nimesoma kuna amfetamini inayoleta mauzauza, wanaijaribu kwa panya wanaofakamia, dozi moja tu, halafu kuna amfetamini nyingine ya kidonge ambayo madaktari wanaandika kabisa, halafu kuna ile ya kukaa na mtaalamu mnaongea wiki hadi wiki, sasa mimi nichague ipi, maana nimechoka. Hilo neno nimechoka ndo lilinifanya nikae nimjibu kwa kirefu, na nilichomjibu ndo hiki hapa, nimekipanua kidogo tu.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kufakamia ninakosema sio kula sana siku ya sherehe. Ni hivi: nyumba imelala, taa ya jikoni huiwashi, mwanga wa friji unatosha. Kipande cha kwanza cha mkate unakula umesimama. Cha tatu hujui hata kina ladha gani, mkono unaenda wenyewe, ukifika kwenye biskuti tumbo linauma tayari na bado huachi, halafu unakunja yale makaratasi madogo madogo unayasukuma chini kabisa ya pipa la taka, unaweka kitu juu ili asubuhi mtu asiyaone. Halafu unakaa sakafuni unajichukia. Mimi nimefanya hivyo miaka na muda wote huo nilijua ni ulafi tu, sikujua kwamba kuna ugonjwa na una jina na una tiba.

Madaktari wana vigezo vyao. Daktari mmoja Mmarekani, Albert Stunkard, aliueleza ugonjwa huu tangu 1959, ila mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, ule wa DSM-5, ulikuja kuupa nafasi yake wenyewe mwaka 2013. Wanachoangalia ni kwamba unakula chakula kingi mno kwa muda mfupi huku unahisi huwezi kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, na pamoja na hayo unakuta unakula haraka kuliko kawaida, au hadi unaumia, au bila njaa, au kwa kujificha, au unabaki na hatia na kujichukia, ukiwa na matatu kati ya hayo matano basi. Mara 1 hadi 3 kwa wiki wanaiita hafifu, 4 hadi 7 ya wastani, 8 hadi 13 kali, kuanzia 14 kali kupindukia. Na hapa hamna kujitapisha wala kumeza dawa za kuharisha baada ya kula, ukiwa unafanya hivyo mara kwa mara hiyo ni bulimia na unatakiwa umwambie daktari mapema kabisa, kwa sababu mpango wa tiba unabadilika.

Zile namba za mara ngapi kwa wiki zishike, tutazihitaji kwenye kuchagua.

Jina moja, kazi mbili tofauti

Wengi wanateleza hapa, na mdogo wangu aliteleza hapa hapa. Anasikia amfetamini na amfetamini, anadhani ni kidonge kile kile kimoja kikali na kingine cha kawaida. Hapana. Amfetamini ni kama umbo la msingi la kemikali, kama fremu ya nyumba, ukiongeza vitu huku na huku unapata nyumba tofauti kabisa.

Ile ya mauzauza inaitwa DOI. Kwenye ile fremu wameongeza vikundi viwili vya methoksi na atomu moja ya iodini, na hayo mabadiliko yanaifanya iache kazi ya amfetamini ya kawaida, inaenda kukaa moja kwa moja kwenye vipokezi vya serotonini kwenye ubongo, yaani vile vitundu kwenye seli vinavyopokea kemikali ya ubongo inayoitwa serotonini, hasa vile vinavyoitwa 5-HT2A, na ndugu zake 2B na 2C. Kipokezi cha 2A ndo hicho hicho LSD na uyoga wa mauzauza vinapita. Kwa hiyo kwa tabia DOI ni jamaa wa LSD, amevaa tu jina la ukoo wa amfetamini. Na ni ndefu, kwa binadamu mauzauza yake yanaweza kuvuka siku nzima, sio kitu cha masaa mawili matatu.

Ile ya daktari inaitwa lisdeksamfetamini, wengine wanaijua kama Vyvanse au Elvanse. Hii ni amfetamini ya kawaida iliyofungwa kwenye kipande cha protini kinaitwa lisini. Ukiimeza haifanyi kitu hapo hapo, hadi ifike kwenye damu, seli nyekundu zinaikata ile lisini taratibu, ndo amfetamini inatoka kidogo kidogo. Ikitoka inaongeza dopamini na noradrenalini, zile kemikali za umakini na za kujizuia. Kwa dozi ya daktari hailengi mauzauza hata kidogo, ila mtu mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili inaweza kumvuruga, tutarudi hapo.

Kwa hiyo swali la ipi kali zaidi halipo. Hizo ni njia mbili tofauti kwenye ubongo, na zinatofautiana zaidi kwenye jambo moja ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote: moja imepimwa kwa mamia ya watu wanaofakamia, nyingine bado iko kwa panya.

Panya anafakamiaje

Nataka nikae hapa kidogo kwa sababu hiki ndo kilichomvutia mdogo wangu, na mimi nilipokielewa kilinigusa kwa namna ambayo sikutegemea.

Panya huwezi kumuuliza kama anajisikia hatia. Kwa hiyo watafiti wanatengeneza kufakamia kwa ratiba. Njia moja maarufu ni ya mtafiti Rebecca Corwin: panya anawekewa chakula chake cha kawaida muda wote, usiku na mchana, hanyimwi, hana njaa. Halafu kuna mafuta mazito ya kupikia, matamu kwa panya. Kundi moja linapewa hayo mafuta kwa muda wa saa moja kila siku. Kundi lingine linapewa kwa muda wa saa moja pia, ila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu. Zikipita wiki kadhaa, wale wa siku tatu, ile saa ikifika wanabugia mafuta mengi sana kuwazidi wale wa kila siku. Chakula wanacho, njaa hawana, kilichobadilika ni kwamba kitu kitamu kinakuja na kuondoka.

Niliposoma hiyo nilikaa kimya. Jumatatu naanza daiti, vitamu marufuku, Ijumaa navunja. Miaka mingi nilikuwa nimejiwekea mwenyewe ile ratiba ya panya.

Sasa DOI inaingia wapi. Tangu 1988 kuna watafiti, Schechter na Simansky, walioonyesha kwamba DOI inapunguza kula kwa panya, na kwamba ukiziba vipokezi vya 5-HT2 kwa dawa nyingine ile athari inaondoka, maana yake njia ni hiyo kweli. Halafu mwaka 2021 watafiti wa Virginia, Marekani, walionyesha kwamba dozi moja ya DOI kwa panya wadogo inaongeza vichipukizi kwenye matawi ya seli za ubongo wa mbele, na inabadilisha namna jeni zinavyowashwa na kuzimwa, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo siku kadhaa baadaye, dawa ilishatoka mwilini. Unganisha hayo mawili na utaelewa kwa nini watu wanapata hamu ya kuijaribu kwenye kufakamia: labda dozi moja inafungua ubongo ulioganda kwenye tabia. Ni wazo zuri, silidharau hata kidogo, kwa mtu aliyechoka ni wazo linaloleta machozi.

Ila angalia mambo haya. Panya aliyepewa DOI anatikisa kichwa, ni kutikisa kwa haraka haraka kunakojulikana sana maabara, wanakuhesabu kama dalili kwamba ile njia ya mauzauza imewaka. Panya wa namna hiyo akila kidogo, ameacha kufakamia au hayuko sawa tu? Inabidi upime pia chakula cha kawaida, upime mwendo wake, upime siku za baadaye. Pili DOI inagusa 2A na 2C kwa pamoja, na 2C tayari inajulikana kwa kupunguza hamu ya kula, ndo njia ya lokaserini, dawa ya kupunguza uzito iliyoruhusiwa Marekani 2012 ikaondolewa 2020 kwa wasiwasi wa saratani. Kwa hiyo kama 2C ndo inafanya kazi basi mauzauza hayana maana yoyote hapo, unayabeba bure. Tatu kuna 2B. Fenfluramini, ndugu mwingine kabisa wa huu ukoo, ilipunguza hamu ya kula vizuri tu, ikaondolewa sokoni 1997 kwa sababu iliharibu vali za moyo, na njia ya uharibifu ni hiyo 2B. DOI nayo inaigusa. Kwa dozi ya mara moja hilo linaweza lisiwe shida kubwa, ila kwa ya kurudia rudia linatisha.

Na kubwa kuliko yote, kupunguza kula sio kuacha kufakamia. Mtu anaweza kula kidogo wiki nzima na bado Ijumaa akakaa sakafuni mbele ya friji. Tena kula kidogo wiki nzima ndo mara nyingi kunampeleka pale.

Kwa hiyo DOI kwenye meza ya kuchagua leo naiweka pembeni. Sio kwamba ni mbaya, ni kifaa cha maabara na kazi yake ya maabara ni kubwa, wanasayansi wanaitumia miaka mingi kuchora ramani ya vipokezi vya serotonini. Mamlaka ya Marekani ya kudhibiti dawa za kulevya ilipopendekeza mwaka 2022 kuiweka kwenye daraja la juu kabisa la marufuku watafiti walipinga wakaiondoa, Desemba 2023 wakalileta tena pendekezo hilo hilo. Ila ya kumeza mtu nyumbani kwa ajili ya kufakamia, hapana. Hamna dozi iliyopimwa kwa ugonjwa huu kwa binadamu, na kile kinachouzwa mtaani kwenye vikaratasi huwezi kujua ni DOI, ni LSD au ni kemikali nyingine inayobana mishipa ya damu hadi mtu anakimbizwa hospitali. Mdogo wangu alikuwa ameshaanza kuulizia. Hapo nilimpigia simu, sikuandika.

Kidonge cha daktari kwa karibu

Lisdeksamfetamini iliruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, Januari 2015 kwa watu wazima wenye kufakamia kwa kiwango cha wastani hadi kikali, ndo dawa ya kwanza kuruhusiwa kwa ugonjwa huu. Kabla ya hapo ilikuwa ni ya ADHD, ile hali ya kukosa umakini na kutotulia, tangu 2007. Uingereza imesajiliwa kwa ADHD tu, kwa hiyo ulipo inaweza kuwa daktari anaandika nje ya kibali au haandiki kabisa, hilo uliza.

Namba zake ni hizi. Kwenye jaribio la wiki 11 waligawa watu kwenye miligramu 30, 50, 70 na kidonge bandia. Wakaangalia wiki 4 za mwisho, nani hajafakamia hata mara moja. Kidonge bandia asilimia 21, miligramu 50 asilimia 42, miligramu 70 asilimia 50. Ile ya 30 haikutofautiana vya kutosha na kidonge bandia ndo maana inatumika kama ya kuanzia tu, halafu wanapandisha hadi 50 au 70. Majaribio mawili makubwa yaliyofuata yalitoa asilimia 40 na 36 kwa dawa, dhidi ya 14 na 13 kwa kidonge bandia. Mimi nazisoma hivi: inasaidia kweli, sio maneno, na bado nusu ya watu au zaidi hawakuacha kabisa ndani ya muda ule.

Kuna jaribio lingine linasaidia kwa swali la nikiacha je. Waliochukuliwa ni wale ambao dawa ilishawafaa kwa wiki 12, wakagawanywa, nusu wakaendelea na nusu wakabadilishiwa kidonge bandia bila kujua, wakafuatiliwa wiki 26. Walioendelea waliorudia ugonjwa ni asilimia 3.7, waliobadilishiwa asilimia 32.1. Unaweza kuiona kwa pande mbili, kwamba kuacha kuna hatari kubwa, au kwamba wawili kati ya watatu hawakurudi hata bila dawa. Zote mbili ni kweli na ni vizuri kuzijua kabla hujaanza, sio baada.

Mimi nimeitumia miezi saba. Wiki ya pili kelele kichwani ilinyamaza. Siwezi kuelezea vizuri kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na ile kelele, ni kama redio ya jirani umeishi nayo miaka mtu ameizima. Ila mdomo ulikauka hadi ulimi unashika, usingizi ukawa mwepesi, moyo ukawa unakimbia nikipanda ngazi, na kitu ambacho hakuna aliyenionya: mchana nilikuwa sina hamu kabisa, nasahau kula, nafika jioni dawa inaisha nguvu na njaa ya siku nzima inakuja kwa mkupuo. Yaani ratiba ya panya tena, safari hii nimeletewa na dawa. Na daktari wa kwanza aliyeniandikia hakunipima presha, sikujua kama anatakiwa. Anatakiwa. Presha na mapigo ya moyo yanapimwa kabla na yanaendelea kupimwa, na kama una tatizo la moyo, au umewahi kuchanganyikiwa akili au kupandwa na wazimu wa furaha ule wa baipola, au umewahi kuwa na uraibu, au unatumia dawa za sonona za zamani za kundi la MAOI, hayo yote unayasema siku ya kwanza. Kwenye yale majaribio watu wengi wa namna hiyo hawakuingizwa, kwa hiyo zile asilimia nzuri sio zao. Hata lebo yenyewe inasema sio dawa ya kupunguza uzito.

Kuna dawa nyingine nazipitia haraka. Topirameti, dawa ya kifafa, inapunguza kufakamia, ila inaleta ganzi vidoleni na akili nzito, maneno yanakupotea, na kwa mwenye mimba ni hatari kwa mtoto. Dawa za sonona za kundi la SSRI zinasaidia wengine kiasi, hasa kama sonona ipo.

Tiba ya mazungumzo, ambayo jina lake linaificha

Watu wakisikia mazungumzo wanadhani utakaa kwenye kochi unalia habari za utotoni. Ile ya kitabia na fikra, iliyojengwa sana na Christopher Fairburn wa Oxford, ni kazi ya mikono kuliko mazungumzo. Unapewa fomu au daftari. Unaandika kila kitu unachokula, palepale, sio jioni. Saa ngapi, wapi, nini, kama ulihisi umefakamia unaweka nyota, na pembeni unaandika kilichokuwa kinaendelea. Hakuna kuhesabu kalori, hiyo watu wanaikosea sana.

Halafu kazi ya kwanza kabisa, kabla hata ya kugusa kufakamia kwenyewe: milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu kwa siku, kwa saa zinazojulikana, usipitishe zaidi ya masaa manne hivi bila kula. Hata kama jana usiku ulifakamia. Hasa kama jana usiku ulifakamia. Hii ndo ilikuwa ngumu kuliko yote kwangu, kunywa chai na mkate saa moja asubuhi wakati tumbo bado linakumbuka usiku, kila kitu ndani yako kinasema fidia, shinda njaa leo. Na ukishinda njaa unajua mwenyewe saa tano usiku utakuwa wapi. Baada ya hapo ndo mnaingia kwenye vyakula ulivyojipiga marufuku mnavirudisha kimoja kimoja, mnaingia kwenye hasira, upweke, kujiangalia mwili, na nini cha kufanya zile dakika 20 za hamu.

Mwongozo wa 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unaanza na namna nyepesi zaidi, kujisaidia kwa kuongozwa, yaani unafanya programu yenyewe kwa kitabu au mtandaoni na unaonana na msaidizi mara 4 hadi 9, dakika kama 20 kila mara, kwa wiki 16. Ikiwa haikufai, au wiki 4 zimepita haisaidii, unapelekwa kwenye tiba ya kundi ya vikao 16 vya dakika 90, ikishindikana ya mtu mmoja mmoja. Na mwongozo huo huo unasema dawa isitolewe peke yake kama ndo tiba yote. Kuna utafiti wa Marekani wa 2010, watu 205, waliofuatiliwa miaka 2, kujisaidia kwa kuongozwa, na pia tiba ya mahusiano, yaani ya kushughulikia jinsi unavyoishi na watu, zote ziliishinda programu ya kawaida ya kupunguza uzito kwenye kuacha kufakamia. Miaka miwili, sio wiki 11. Huo urefu ndo unanifanya niiheshimu hii njia.

Ubaya wake nao upo. Ni ya taratibu, inataka uaminifu kwenye kuandika mambo ya aibu, wataalamu wanaojua kufakamia sio wengi, na uzito haishushi sana, mtu akija kwa ajili ya uzito anaondoka amevunjika moyo. Mimi niliiacha mara moja wiki ya tatu, nikarudi.

Na mauzauza ya kihalali je?

Mdogo wangu aliuliza hili pia kwa hiyo nalijibu. Kuna silosibini ya uyoga, 2023 wanawake 10 wenye anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula, walipewa dozi moja ya miligramu 25 pamoja na msaada wa wataalamu, California, na walioifanya wanasema walivumilia vizuri, ila ni watu 10, hamna kundi la kulinganisha, na anoreksia sio kufakamia. Kuna MDMA, ile inayoitwa ekstasi mtaani, ambayo nayo ni ya ukoo wa amfetamini, kwenye jaribio la watu wenye kiwewe waliopima pia dalili za ulaji waliona zimepungua, ila waliingia kwa ajili ya kiwewe, na Agosti 2024 FDA ilikataa kuiruhusu hata kwa kiwewe chenyewe ikataka jaribio lingine. Kama moyo wako uko huko kabisa, mlango ni mmoja tu: jaribio lililosajiliwa, ambako wanakupima moyo, wanauliza kama kwenu kuna skizofrenia au baipola, na kuna watu wawili chumbani nawe hadi iishe.

Sasa kuchagua

Ningekuwa nakaa na mtu leo ningemuuliza mara ngapi kwa wiki. Kama ni mara 1 hadi 3 ningeanza na kujisaidia kwa kuongozwa, leo hii, na kujiwekea tarehe wiki 4 mbele ya kuangalia daftari. Kama ni 8 na kuendelea, au kazi na masomo vimeanza kuporomoka, ningeenda kwa daktari moja kwa moja na kuomba vyote viwili vijadiliwe, tiba ya mtaalamu na kidonge, maana kidonge kinaweza kukupa utulivu wa kuweza kuandika hilo daftari. Kama una ADHD pia, lisdeksamfetamini inapanda kwenye orodha, inaweza kubeba mawili. Kama presha iko juu, moyo una shida, kuna historia ya uraibu au akili kuvurugika, inashuka sana. Kama ulipo hamna mtaalamu kabisa, kitabu cha programu na mtu mmoja unayemwamini wa kumwonyesha daftari kila wiki ni mwanzo halali, usisubiri. Kama unajitapisha, au unapata mawazo ya kujidhuru, acha kulinganisha, nenda hospitali leo.

Na ukichukua kidonge, weka kengele ya simu ya kula mchana. Hilo nalisema kwa kila mtu.

Mdogo wangu alikuwa anafakamia mara tatu, wiki mbaya nne, na usingizi wake ulikuwa mbovu tangu zamani, kwa hiyo tulikubaliana kidonge kisubiri, akaanza na daftari, na tukaweka tarehe ya daktari hata hivyo. Wiki ya pili akanitumia picha ya ukurasa mmoja, mwandiko wake ule wa kulala upande. Jumatano, saa moja asubuhi, mayai na mkate. Saa nne, ndizi. Saa saba na nusu, amekula. Saa kumi, amekula. Saa mbili usiku, amekula. Halafu chini kabisa kwa kalamu nyingine: saa sita usiku, biskuti, pakiti nzima na nusu, nimesimama, nyota. Na pembeni ya nyota ameandika, makaratasi nimeyaacha mezani.